Kidoa Kidogo Kwenye Damu: Kinatuambia Nini Kuhusu Bandama?

Hebu weka mkono wako kifuani. Unasikia moyo unadunda? Sasa vuta pumzi. Unasikia mapafu yanajaa hewa? Basi, bila hata kwenda hospitali, umeshajua kwamba moyo na mapafu yako kazini.

Na bandama je? Bandama haidundi wala haipumui. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi asiifikirie hata siku moja. Hapa kwetu Dutwa neno hilo tunalisikia zaidi mambo mawili yanapotokea: ng'ombe akichinjwa, au mtoto akivimba tumbo upande wa kushoto na watu wakaanza kusema, "Huyu ana bandama." Kumbe kila mtu ana bandama! Swali la maana ni kama inafanya kazi.

Katika makala hii tutaona jinsi mtaalamu wa maabara anavyoweza kujibu swali hilo kwa kutazama tone moja la damu. Anatafuta kidoa kidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Tutaona pia kwa nini jibu hilo linaweza kuokoa maisha ya mdogo wako, hasa kama ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli.

BANDAMA NI NINI?

Bandama, ambayo vitabu vingine huiita wengu, ni kiungo laini chenye rangi nyekundu iliyokolea. Kimekaa upande wa kushoto wa tumbo, juu, nyuma ya mbavu za chini. Kwa mtu mzima mwenye afya kinakaribia ukubwa wa ngumi, na uzito wake ni kama gramu 150. Kikiwa na ukubwa wake wa kawaida huwezi kukigusa, kwa sababu mbavu zinakifunika.

Bandama ina kazi kubwa mbili. Kwanza, inasafisha damu. Chembe nyekundu zilizozeeka au zenye kasoro hukamatwa humo na kuvunjwa. Pili, ni askari wa mwili. Bakteria wakiingia kwenye damu, bandama huwakamata na kusaidia mwili kutengeneza kinga ya kupambana nao. Kazi hii ya pili ni muhimu zaidi kwa mtoto mdogo, kwa sababu mwili wake bado haujajifunza kupigana na bakteria wengi.

JOSHO LA DAMU

Sisi wa Simiyu tunajua ng'ombe, kwa hiyo tutumie mfano wa josho. Ng'ombe wanapopelekwa kuogeshwa hawaingii wote kwa pamoja. Wanapitishwa kwenye njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyeingia na kupe anatoka bila kupe. Na yule aliyedhoofika, asiyeweza kupita, anaonekana hapo hapo.

Bandama nayo ina njia nyembamba. Sehemu ya damu inayoingia humo humwagwa nje ya mishipa ya kawaida, kwenye tishu laini inayofanana na sifongo. Ili kurudi kwenye mzunguko, kila chembe nyekundu inapaswa kujipenyeza katika ufa mdogo ulio kwenye ukuta wa mshipa. Ufa huo una upana wa mikromita 1 hadi 2 hivi. Mikromita 1 ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000. Chembe nyekundu yenyewe ina upana wa mikromita 7 hadi 8! Inapitaje sasa? Inapita kwa sababu ni laini. Inajikunja, inajinyoosha, inapenya, halafu inarudia umbo lake.

Hapa ndipo penye jambo la ajabu. Kama ndani ya chembe hiyo kuna kipande kigumu cha taka, ile sehemu laini inapenya lakini kipande kinakwama. Bandama inakinyofoa na kukibakiza upande wa ndani. Chembe inaendelea na safari yake ikiwa safi, na haijafa. Ni kama kupe kubaki joshoni na ng'ombe kurudi malishoni.

Chembe ambayo haina ulaini kabisa haipiti. Hiyo inavunjwa, na madini yake ya chuma hutumika tena kutengeneza chembe mpya.

KIDOA KINATOKA WAPI?

Chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Ikiwa bado changa huwa na kiini, na ndani ya kiini kuna DNA, yaani maelekezo ya urithi. Kabla ya kuingia kwenye damu chembe hukitupa nje kiini hicho. Ndiyo maana mwalimu wa Baiolojia anakufundisha kwamba chembe nyekundu ya binadamu haina kiini.

Lakini mara chache, wakati wa kutupa kiini, kipande kidogo cha DNA hubaki ndani. Hicho ndicho kidoa chetu. Kikipakwa rangi ya maabara kinaonekana kama nukta moja ya duara, ya zambarau iliyokolea, yenye upana wa takriban mikromita 1.

Wanasayansi wanakiita kidoa cha Howell-Jolly. Jina hilo linatokana na watu wawili. William Howell wa Marekani alieleza habari za vipande hivi mwaka 1890, na Justin Jolly wa Ufaransa aliviandika kwa kina mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa unganisha mambo mawili uliyosoma. Kila mtu hutengeneza chembe chache zenye kidoa. Bandama iliyo kazini hunyofoa vidoa hivyo, kwa hiyo ukitazama damu ya mtu mwenye bandama nzima huvioni. Bandama ikitolewa kwa upasuaji, kwa mfano mtu amepata ajali ya pikipiki na bandama ikapasuka, vidoa huanza kuonekana kwenye damu baada ya siku chache. Na bandama ikiwa ipo tumboni lakini imeacha kazi, vidoa vitaonekana vile vile.

Kwa hiyo kidoa chenyewe hakina madhara. Ni ushahidi tu. Ukiona takataka zimejaa sokoni unajua mfagiaji hajaja kazini. Ukiona vidoa vya Howell-Jolly kwenye damu, unajua bandama haifagii.

SELIMUNDU NA BANDAMA

Kwa nini habari hii itupe shughuli sisi wa Kanda ya Ziwa? Kwa sababu hapa kwetu kinachoharibu bandama za watoto wengi ni selimundu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa nao kila mwaka. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha Hospitali ya Bugando, Mwanza. Watafiti walitumia sampuli 17,200 za damu za watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, sampuli ambazo zilikuwa zimekusanywa kwa ajili ya kupima VVU. Walikuta kwamba watoto 20 kati ya kila 100 wana kinasaba kimoja cha selimundu (AS), na watoto 12 hivi kati ya kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe (SS).

Chukua darasa lenu la wanafunzi 50. Kwa wastani, 10 kati yenu mna AS na wengi wenu hamjui. Mwenye AS si mgonjwa. Tena ana nafuu fulani: mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki kwamba watoto wenye AS wanakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hiki kimeenea kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama yetu. Lakini mwenye AS akizaa na mwenye AS, kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mwenye SS. Huyo mwenye SS hana nafuu kwenye malaria. Malaria kwake ni hatari kubwa.

Damu ya mwenye SS ina hemoglobini ya aina nyingine. Hewa ya oksijeni ikipungua, chembe zake hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Kumbuka ule ufa wa mikromita 1 hadi 2. Chembe ngumu itapitaje hapo? Haipiti. Tena ndani ya bandama damu huenda polepole na oksijeni ni kidogo, kwa hiyo chembe huzidi kujikunja. Zinaziba njia. Sehemu ndogo ya bandama inakosa damu na kufa, kisha inabaki kovu. Kesho sehemu nyingine, keshokutwa nyingine.

Mambo haya huanza mapema mno. Miezi ya kwanza mtoto analindwa na hemoglobini ya utotoni aliyotoka nayo tumboni kwa mama. Ikianza kupungua, karibu na umri wa miezi 6, bandama huanza kuumia. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa watoto wenye SS, wa umri wa kati ya miezi 7 na 18, watoto 86 kati ya kila 100 tayari walikuwa na bandama iliyopungua nguvu. Jamani, hapo mtoto hata kutembea hajajua vizuri.

BANDAMA KUBWA SIYO LAZIMA IWE NZIMA

Hapa wengi tunachanganya. Mtoto akiwa na bandama kubwa tunadhani tatizo ni ukubwa tu, na kwamba kikubwa kina nguvu. Siyo hivyo.

Mwaka 1969 daktari wa watoto Howard Pearson na wenzake wa Marekani walichapisha jambo lililowashangaza madaktari. Walipima watoto wenye selimundu ambao bandama zao zilikuwa kubwa, zinazoguswa kabisa kwa mkono. Walitumia dawa yenye mionzi kidogo ambayo bandama nzima huifyonza, kisha ikaonekana kwenye picha. Bandama za watoto hao hazikufyonza chochote. Zilikuwepo, kubwa, lakini hazifanyi kazi! Na kwenye damu yao vilionekana vile vidoa vya Howell-Jolly. Mwaka uliofuata walionyesha jambo jingine: watoto wadogo wakiongezewa damu yenye chembe za kawaida, bandama zao zilirudi kazini kwa muda. Kwa hiyo mwanzoni bandama huwa imeziba tu, haijafa yote. Baada ya miaka ya kuziba na kuumia, kwa wagonjwa wengi husinyaa na kubaki kovu.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana bandama huvimba kwa sababu nyingi. Malaria ya mara kwa mara huivimbisha. Kichocho cha tumbo, ambacho watu hukipata kwenye maji ya ziwa, mabwawa na madimbwi yenye konokono, nacho huivimbisha. Mkono wa daktari unaweza kupima ukubwa wake. Kazi yake mkono hauwezi kuipima. Ndipo tunapokihitaji kile kidoa.

HATARI YENYEWE NI HOMA

Mtoto ambaye bandama yake haifanyi kazi anaweza kuonekana mzima wa afya asubuhi, jioni akawa mahututi. Bakteria wanaingia kwenye damu, askari hayupo, na wanazaliana haraka. Mbaya zaidi ni bakteria wa nimonia (kichomi), ambaye pia huleta homa ya uti wa mgongo.

Wenzetu wa Kilifi, pwani ya Kenya, walilichunguza jambo hili kwa miaka 10, kuanzia 1998 hadi 2008, kwa kupima damu za watoto waliolazwa hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Uwezekano wa kukutwa na bakteria kwenye damu ulikuwa mkubwa mara 26 hivi kwa watoto wenye selimundu kuliko kwa wasiokuwa nayo. Na kati ya bakteria waliopatikana kwa watoto hao wa selimundu, 41 katika kila 100 walikuwa wa nimonia. Wengine wengi walikuwa jamii ya Salmonela.

Kwa hiyo homa ya mtoto wa selimundu siyo homa ya kusema "tutaona kesho". Si homa ya kununua panado dukani na kulala. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa bakteria, inaweza kuwa vyote viwili. Kipimo cha malaria kikitoka na jibu la "hana" bado hajawa salama.

KINGA IPO, NA INAFAHAMIKA

Usikate tamaa, msomaji. Mambo mengi tunaweza kuyazuia.

Penisilini. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watoto 215 wenye selimundu, wote chini ya miaka 3. Watoto 105 walipewa penisilini ya kunywa mara mbili kila siku, na 110 wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopata maambukizi mazito kwenye kundi la penisilini ni 2. Kwenye kundi la pili ni 13, na 3 kati yao walikufa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wote wafaidike. Tangu hapo ushauri ni kwamba mtoto mwenye SS anywe penisilini kila siku, asubuhi na jioni, angalau hadi afikishe miaka 5. Dawa ya bei nafuu tu, inayofanya kazi ya askari aliyekosekana.

Chanjo. Tangu mwaka 2013 watoto wote Tanzania hupewa chanjo ya nimonia wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya pentavalenti, iliyoanza mwaka 2009, hukinga pia bakteria mwingine hatari kwa asiye na bandama. Ukimpeleka mdogo wako kliniki umempa kinga ambayo watoto wa Kilifi wa mwaka 1998 hawakuwa nayo.

Kinga ya malaria. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata kiangazi, pamoja na dawa nyingine atakazoandikiwa kliniki.

Hidroksiyurea. Dawa hii huongeza ile hemoglobini ya utotoni ili chembe zisijikunje. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale (Uganda), Kinshasa na Luanda: watoto walipungukiwa na maumivu, malaria na haja ya kuongezewa damu. Hutolewa na daktari, na mgonjwa anapaswa kupimwa damu mara kwa mara.

Kujua kupapasa bandama. Wakati mwingine bandama ya mtoto mdogo wa selimundu hukamata damu nyingi kwa ghafla na kuvimba ndani ya saa chache. Mtoto anapauka, analegea, anaweza kufa kwa kupungukiwa damu. Kule Jamaika madaktari waliwafundisha wazazi kupapasa taratibu tumbo la mtoto kila siku ili wajue ikiongezeka, na vifo vya namna hiyo vilipungua. Mama au bibi anaweza kufundishwa jambo hili na nesi kwa dakika chache tu.

JE, MAABARA YETU INAWEZA KUONA VIDOA?

Ndiyo, na hapa wanafunzi wa sayansi mtafurahi. Vifaa ni vile vile vinavyotumika kupima malaria kwa hadubini: kioo, tone la damu, kemikali ya kukausha na rangi ya Giemsa. Damu husambazwa ikawa nyembamba sana ili chembe zisipandane. Mtaalamu akikuza mara 1,000 anaweza kuona kidoa.

Lakini panahitaji umakini. Kidoa cha Howell-Jolly kinaweza kudhaniwa kuwa kijidudu cha malaria. Tofauti yake ni hii: kijidudu kichanga cha malaria huwa kama pete, kina duara la buluu na nukta nyekundu ubavuni. Kidoa chetu ni nukta tupu, imejaa, haina pete. Ukichanganya hapo mtoto atapewa dawa ya malaria wakati kinachomsumbua ni bakteria.

Kipimo hiki kina mipaka yake pia. Bandama iliyopungua nguvu kidogo tu inaweza isionyeshe vidoa. Watoto wachanga wanaweza kuwa navyo kwa muda bila ugonjwa. Mtu aliyepungukiwa vitamini B12 au asidi ya foliki anaweza kuwa navyo hata kama bandama yake ni nzima. Kwenye hospitali kubwa za utafiti kuna kipimo kingine, ambapo huhesabu chembe zenye "vishimo" kwa hadubini maalumu. Kwa mtu mwenye bandama nzima, chembe hizo huwa chini ya 4 kati ya 100.

Kwa hiyo daktari hategemei kioo kimoja peke yake. Na jambo moja ulishike: mtoto akishajulikana kuwa ana SS, hasubiriwi mpaka vidoa vionekane ndipo aanze penisilini. Anaanza mara moja. Vidoa vinasaidia zaidi pale ambapo hakuna aliyejua. Mtaalamu akiviona kwenye damu ya mtoto aliyeletwa kwa homa tu, anapaswa kuuliza: bandama ya mtoto huyu imepatwa na nini? Amewahi kupimwa selimundu?

MASWALI TUNAYOULIZWA SHULENI

Eti ni kweli kuchanja chale kwenye tumbo kunaponya bandama?
Hapana. Chale haifiki kwenye bandama. Inachofanya ni kufungua mlango wa bakteria na pepopunda, na wembe uliotumika kwa wengi unaweza kuleta VVU na homa ya ini. Kwa mtoto ambaye bandama yake haifanyi kazi, kidonda hicho ni hatari mara mbili.

Mwanafunzi mwenzetu ana selimundu. Anaweza kucheza mpira?
Anaweza kucheza kwa kiasi, apumzike akichoka na anywe maji mengi. Lakini kama bandama yake imevimba asicheze michezo ya kugongana. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa pigo la tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo, masihara ya kupigana ngumi za tumbo acheni kabisa.

Mtu anaweza kuishi bila bandama?
Ndiyo, watu wengi wanaishi. Ini na viungo vingine husaidia kazi. Ila ajue hali yake, apate chanjo, na akipata homa awahi hospitali na kusema wazi: "Sina bandama."

Selimundu ni laana au kurogwa?
Wala. Ni urithi, umetoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kumlaumu mama peke yake ni kukosa elimu.

WEWE UFANYE NINI?

1. Jua hali yako. Omba kupimwa selimundu unapokwenda hospitali. Kujua kama una AS kabla ya kuoa au kuolewa ni busara, si aibu.

2. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye SS, mkumbushe mama dawa ya asubuhi na jioni. Unaweza kuweka alama kwenye kalenda ukutani.

3. Jua dalili za kukimbia nazo hospitali: homa ya nyuzi 38 au zaidi (kama hakuna kipimajoto, mwili wa moto unatosha), kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kulegea, degedege, au maumivu makali.

4. Ukifika, usikae kwenye foleni kimya kwa kuogopa wakubwa. Heshima ni nzuri, na kusema pia ni vizuri. Unaweza kusema hivi:

"Shikamoo nesi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemleta mdogo wangu. Ana sikoseli, na tangu alfajiri ana homa. Tumefundishwa kwamba bandama yake haifanyi kazi vizuri. Naomba aonwe haraka."

Maneno hayo machache yanamwambia nesi mambo yote anayohitaji kujua ili amtangulize mtoto.

5. Usimcheke mwenzako mwenye macho ya manjano au mwili mdogo. Mpe daftari zako anaporudi kutoka hospitali.

JADILINI DARASANI

a) Kwa nini chembe nyekundu yenye kidoa hupita kwenye bandama nzima bila kufa, lakini chembe iliyojikunja kama mundu haipiti?
b) Mtoto ana bandama kubwa na vidoa vya Howell-Jolly kwenye damu. Bibi yake anasema, "Bandama kubwa ina nguvu." Mtamweleza nini, na kwa lugha gani ya heshima?
c) Baba ana AS, mama ana AS, nao wana watoto watatu wasio na ugonjwa. Je, wa nne lazima awe na SS? Elezeni.

Swali la (c) huwakosesha wengi. Jibu ni hapana: kila mtoto ana nafasi yake mwenyewe, 1 kati ya 4, hata kama waliotangulia ni wazima. Basi kaeni mlijadili, na jioni mkirudi nyumbani waelezeni wazee mliyoyapata. Mwenye mdogo wake wa selimundu aangalie leo hii kama penisilini bado ipo au imekwisha.